Ramani Isiyokuwa na Osiri

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya Nicholas Ratemo Machuki, nami nitayasoma yote, hata yale tuliyoshauriwa tuyaruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 mjini Rongo, Kaunti ya Migori, mtoto wa tatu wa Mzee Machuki na Mama Bochaberi, akasoma msingi hapo hapo, kisha sekondari Homa Bay hadi mwaka 2004, na mwaka 2009 akapata diploma ya kompyuta Kisumu. Mwaka 2011 alifungua duka la kutengeneza kompyuta Rodi Kopany, na tarehe 7 Desemba 2014 akafunga ndoa na Edinah Bonareri, wakajaliwa watoto wawili, Arasa na Motari.

Edinah alipomzaa Arasa mwaka 2016 alipoteza damu nyingi, na Nicholas akahangaika kutwa akitafuta mtu wa kumchangia, ndipo akaunda programu ya kutafuta wachangiaji damu. Haikuwa na picha wala vitufe, ilikuwa skrini nyeusi tu ya kuandikia amri, na wauguzi wa hospitali ya Homa Bay, kwa kuwa amri zenyewe ziliwashinda kukariri, walimpigia simu awaandikie yeye, hata akiwa kanisani siku ya Sabato, naye alitoka nje bila kununa. Wachimba dhahabu wa Osiri, ambao huhama kutoka shimo hadi shimo, aliwasajili kwa simu ya kiongozi wao.

Alijua fika kwamba siku akikosekana yeye mgonjwa atapoteza maisha, kwa hiyo mwaka 2022 alimwomba Oyaro, rafiki wa sekondari aliyelala naye kitanda kimoja bwenini, aitilie programu hiyo vitufe na ramani, akamkabidhi kila kitu. Oyaro aliipamba kweli, kisha akaiuza hospitalini kwa jina lake na kubadilisha nywila, Nicholas akazisoma habari hizo kwenye simu kama mtu baki. Jina halikumuuma sana, kilichomchoma ni kwamba kila mchangiaji sasa alitakiwa awe na nyumba kwenye ramani, hivyo watu wa Osiri wakaondolewa, na kila alipomsihi Oyaro awarudishe alijibiwa kwamba ana wivu.

Tarehe 3 Juni 2025 vidonda vya tumbo vilimzidi, akatapika damu, akalazwa Homa Bay bila fahamu, akihitaji damu ya kundi adimu. Muuguzi alibonyeza vitufe, ramani nzuri ikafunguka, ikaonyesha hakuna mtu. Alifariki kesho yake saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari waliojitahidi, majirani wa Rodi Kopany waliotupikia, na wenzake wa kazi, akiwemo Oyaro, aliyeleta shada kubwa kuliko yote. Tunawashukuru pia wachimbaji wa Osiri, waliofika jana bila kuitwa, wawili wao wakatuambia kwamba damu yao ni ya kundi lile lile, na kwamba simu ya kiongozi wao haikuzimwa siku ile, kisha wakakunja mikono ya mashati, wakachimba kaburi.

Pumzika kwa amani, Nicholas, watu ambao wangekupa damu ndio watakaokufukia leo.