Yule Ambaye Hakuingia Kikapuni

Kwa nini walikufa wale tuliowatunza, akapona yule tuliyemsahau? Mama zangu mnaonisikiliza, mama mdogo aliniuliza hivyo mbele ya banda letu la nguruwe hapa Mudzipela, na mimi niliyetoka universite nikiuliza kila mtu maswali, safari hii niliulizwa mimi.

Mnatujua. Tulipokimbia kutoka kijijini kwetu Bule tulikuja hapa na nguruwe mmoja, mwenye mimba. Yeye ndiye aliyekuwa shamba letu lililobaki. Alipozaa tulifanya kama kwetu: kila mtoto anafutwa, anawekwa kwenye kikapu cha majani makavu kando ya makaa, mama yake asije akamlalia. Wananyonya kesho yake, mama akiisha kupumzika. Wote wa kikapuni wakaharisha, wakafa. Alibaki mmoja tu, aliyezaliwa tukiwa tumekwisha kufunga banda na kuondoka. Huyo alilala na mama yake.

Majirani wakasema maziwa yale yana laana. Mama mdogo akaamua: watoto wakifa tena, nguruwe anachinjwa. Ndugu zangu, nawaambia, mimi laana siiamini upesi. Kama maziwa ni mabaya, mbona aliyeyanywa mapema kuliko wote ndiye mzima?

Siku ya uzazi wa pili, mama mdogo alisimama mlangoni na kikapu chake.

«Leta mutoto.»

«Hapana, mama. Leo wananyonya kwanza.»

«Akimulalia, weye utamufufua na diplome yako?»

Nilipiga magoti topeni, nikamsogeza kila mtoto kwenye titi angali na ute. Nguruwe akaguna, akageuka kweli. Mkono wangu ukabanwa chini ya ubavu wake, mtoto akiwa kiganjani. Mama mdogo akatupa kikapu, akaingia, akasukuma kwa bega.

«Vuta,» akasema. «Vuta, nimemushika.»

Nikavuta. Mtoto akalia.

Kisha tukangoja kuhara. Kila asubuhi nilifungua banda nikiogopa kutazama. Kuhara hakukuja.

Asante, mama mdogo, uliyeingia topeni bila kuniamini. Asanteni ninyi mliotuletea majani ya viazi wakati wengine walipopita mbali na banda letu. Ninaloweza kuwaachia ni hili: hata desturi inayotokana na huruma, tuiulize.

Jibu nililikuta baadaye sana, nikisoma. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kinga; mama hawezi kumpa akiwa tumboni. Humpa katika maziwa ya kwanza, na utumbo wa mtoto huipokea kwa muda wa siku moja hivi, kisha hujifunga; wale wa kikapuni walichelewa. Na kinga hiyo ni ya magonjwa ambayo mama mwenyewe alikutana nayo njiani.