Rehani Mlangoni mwa Maktaba

Katika behewa la wanawake la tramu ya Iskandaria, Inshirah alijifanya anachambua mapera yake, kumbe masikio yote yako kwa wanawake wawili waliokaa mbele yake.

"Dada, wewe si wa maktaba? Mpangaji wangu ni Msudani, na bintiye Tasabih hana kitambulisho. Mlinzi wenu kamkatalia kuingia. Anasomea ngazini, juani, na mtihani wiki ijayo!"

"Kila mtu anaacha kitambulisho mlangoni, mama. Ndiyo sheria, tangu mwenzetu Nagwa avunjwe mkono na msomaji."

"Kwani msomaji huyo hakuwa na kitambulisho?"

Mkutubi akatazama dirishani. "Alikuwa nacho. Ndicho kilichomkamatisha."

"Mkono ukiwa umeshavunjika."

Inshirah nusura apige makofi, akakumbuka kuwa hakualikwa.

"Kusema ni rahisi, mama. Nagwa bado anashtuka mlango ukifunguliwa. Nikimwambia tunaingiza tusiowajua, atarudi kazini?"

Inshirah, ambaye mambo ya watu hayamshindi, akasogeza sikio karibu zaidi. Kisha mama akatoa kitambulisho chake mwenyewe mkobani.

"Shikeni changu. Binti akikosea, nikamatwe mimi."

"Sheria haisemi hivyo."

"Inakataza?"

Tramu ikasimama kituo cha maktaba. Mkutubi akainuka, akafika mlangoni, akageuka kukitazama kitambulisho kilichonyooshwa, asikipokee wala asishuke. Nyuma yake abiria wakaanza kufoka:

"Dada, ingia au toka! Unatuzibia mlango!"