Kalondu na Noti Isiyo na Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama ambaye huenda alikutandikia kitanda na hukuwahi kumwona. Jina lake ni Kalondu Nyamai. Alizaliwa kwenye vilima vya Mbooni, akafanya kazi Kibwezi, na Jumanne iliyopita ugonjwa wa moyo ukamchukua. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Kalondu alisafisha vyumba vya wageni. Miaka ishirini na minne, hoteli ile ile moja, kando ya barabara ya Mombasa. Mgeni analala, anaamka, anaenda zake. Ndipo Kalondu anaingia na ndoo, shuka safi begani. Bakshishi ilikuwa ikiishia kwa wahudumu wa meza na kwa askari wa lango, maana hao ndio mgeni anaowaona. Yeye hakulalamikia hilo. Lakini alikuwa na desturi iliyowashangaza wenzake. Akikuta pesa chumbani, hata sarafu ya shilingi kumi, hakuigusa. Alifunga mlango, akateremka mapokezi, akauliza: "Mgeni amesema hii ni ya nani?"

Muli, mhudumu wa meza, alimcheka sana. "Mama Nduku, pesa imelala kwa mto. Itakuwa ya nani tena?"

Kalondu alitabasamu tu. Mara nyingi mgeni alikuwa ameshafika Voi, na pesa ikabaki kwenye droo ya mapokezi.

Sasa sikilizeni yaliyotokea miaka sita iliyopita.

Alikuwepo msichana mgeni kazini, Nzisa, wiki yake ya tatu. Asubuhi moja alisafisha chumba cha mume na mke waliokuwa wakitoka Garissa kwenda Mombasa. Mume ni Hamud, mfanyabiashara wa mifugo. Mke ni Intisar. Kando ya kitanda, chini ya glasi, Nzisa alikuta noti ya elfu moja. Akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kupiga deki.

Saa mbili hazijapita, Intisar akapiga simu mapokezi. Wamesahau pesa chumbani.

Meneja, Bwana Mutisya, akamwita Nzisa. Msichana akaitoa noti mbele ya watu. "Mimi nilidhani ni tip."

"Vua aproni," Mutisya akasema. "Enda nyumbani."

Kalondu alikuwa kwenye ngazi. Aliisikia ile sauti. Akaweka ndoo chini.

"Meneja, umemuuliza mwenye pesa?"

"Mama Nduku, si ni mwenyewe amepiga simu?"

"Aliyepiga ni mama. Kuna mzee walikuwa pamoja. Huyo umemuuliza?"

"Rudi kazini, mama."

"Sirudi. Mkimfukuza huyu bila kuuliza, basi na mimi nipigieni hesabu ya siku zangu niende."

Wasikilizaji, jueni alichokuwa akikiweka mezani. Binti yake Nduku alikuwa chuoni, na karo ilitoka kwenye mshahara ule. Vyumba kumi na kimoja vilikuwa havijatandikwa, na wageni wa kongamano la kanisa walitarajiwa saa sita. Kalondu akasimama palepale, mikono nyuma.

Mutisya akapiga simu. Sauti ya Hamud ikasikika mapokezi yote: "Hiyo pesa niliachia dada wa usafi. Mke wangu alikuwa hajui. Kwani kuna shida?"

Kisha Intisar akachukua simu. "Mwambie huyo dada anisamehe. Mimi niliona tumesahau."

Mutisya akaweka simu chini. Halafu akamrudishia Nzisa aproni yake, na noti juu yake. Wiki iliyofuata kila chumba kikawekwa bahasha ndogo, yenye jina la aliyekisafisha, mgeni akitaka kushukuru atie humo. Kalondu ndiye aliyeiomba.

Lakini kwa nini mama mpole kiasi kile alihatarisha kazi yake? Nduku ametuambia kwamba hata yeye alijua mwezi jana tu, mama akiwa kitandani hospitalini.

Kalondu akiwa na miaka ishirini na mmoja, alisafisha vyumba katika lojing'i moja pale Kwa Vonza. Siku moja alikuta noti ya mia mbili kitandani, imekunjwa vizuri. Akaona ameshukuriwa. Mwenye lojing'i akaiona mfukoni mwake, akamwita mwizi, akamfukuza. Mgeni alikuwa ameondoka, na hakuna aliyejisumbua kumtafuta. Habari ikafika Mbooni kabla yake. Baba yake, Mzee Nyamai, alichukua mbuzi, akampelekea mwenye lojing'i kuomba msamaha. Msamaha wa kosa ambalo binti yake alikuwa amelikana kwa machozi. Mzee alifariki miaka mingi baadaye, na jambo lile hawakulizungumza tena.

"Nilimuuliza, 'Mwaitu, mama yangu, mbona hukutuambia?'" anasema Nduku. "Akanijibu, 'Ningewaambia nini? Hakuna aliyeuliza. Mpaka leo sijui kama ile pesa ilikuwa yangu.'"

Kalondu alizikwa Ijumaa, Mbooni. Nzisa, ambaye sasa ndiye msimamizi wa vyumba katika hoteli ile, alisema maneno machache tu kaburini: "Alinisimamia kabla hajajua kama nasema ukweli."

Kwa Nduku, kwa ukoo wa Nyamai na kwa wafanyakazi wote wa hoteli ile ya Kibwezi, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Ukilala safarini, usiache noti ijisemee. Noti haina mdomo. Mtafute aliyekutandikia, mpe mkononi, mwambie ni yake. Ukimkosa, andika kikaratasi. Mfuko ukiwa mtupu, muulize jina lake umshukuru. Na kama kuna mtu uliyemshuku zamani bila kumuuliza, na bado yuko hai, simu unayo. Mpigie leo.