Onema Florentin na Nyuso Sita za Mawe

Tarehe 31 Desemba 1955, saa kumi jioni, Baba Onema Florentin ataweka chini nyundo yake katika karakana yetu ya mawe hapa Kindu, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi. Siku alizokosa kwa ugonjwa ni kumi na tisa. Nimezihesabu kwenye daftari, na sita kati ya hizo alipelekwa hospitali kwa nguvu na mkewe, Mama Pélagie.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, saa ya mfukoni au baiskeli, alijibu kwa ufupi: “Muniachie ule ukuta.” Maana mwezi wa Oktoba injinia mpya alitutangazia kwamba ukuta wa kando ya mlango utabomolewa ili mlango upanuliwe, na kwamba maagizo yote ya kazi yatatolewa kwa Kifaransa tu. Asiyejua ukuta huo una nini, asome mpaka mwisho.

Baba Onema aliingia Septemba 1924 kama mtu wa maji: kazi yake ilikuwa kumwagia jiwe maji linapokatwa ili msumeno usiungue. Hakuna aliyemfundisha. Alitazama, akaiga, akakosea, akarudia. Kufikia 1931 yeye ndiye aliyekuwa akimalizia mawe yote ya sakafu, ngazi na makaburi. Lakini cheo chake kwenye karatasi kilibaki “msaidizi” hadi 1947. Ni miaka kumi na sita ya kazi ya fundi mkuu kwa jina la msaidizi. Anayetilia shaka hesabu hiyo, daftari lipo.

Wenzetu wapya wajue mambo yalivyokuwa zamani. Kila msimamizi aliyetoka Ulaya alikuja na maneno yake ya kwao ya namna ya kumalizia jiwe, na sisi tuliyageuza yote kuwa neno moja: laini. Jiwe la kaburi laini, ngazi laini, meza ya daktari laini. Mwaka 1937 tulimaliza mawe 600, na 102 yakarudishwa kufanyiwa kazi upya. Hayo ni kumi na saba katika kila mia. Tuliambiwa mikono yetu ni mizito. Baba Onema alikataa. Alisema mikono haina kosa, jiwe ndilo lina nyuso nyingi na sisi tumezipa jina moja.

Mwaka 1938 alichukua vipande sita vya jiwe la kijivu, shubiri kwa shubiri, akakimaliza kila kimoja kwa namna yake, akavijenga ukutani na kuchonga jina chini ya kila kimoja. Uso wa mpasuko ni jiwe kama lilivyopasuka. Uso wa msumeno una mistari ya chuma. Uso wa matuta umechongwa kwa patasi kama shamba la mihogo. Uso wa ndui umegongwa kwa nyundo ya meno mpaka umejaa vishimo. Uso wa hariri umesuguliwa kwa mchanga na maji, lakini haung'ai. Uso wa kioo, unaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Mfanyakazi asiyesoma huweka kiganja ukutani, akajua anachotakiwa, kisha huenda kwenye jiwe lake. Mwaka uliofuata tulimaliza mawe 640. Yaliyorudishwa yalikuwa 19.

Kuna kisa cha ngazi kumi na moja za duka moja la mtaa wa Kasuku. Msimamizi wa wakati huo aliagiza zote ziwe za uso wa kioo, eti duka lionekane tajiri. Baba Onema hakubishana. Alisugua jiwe moja mpaka likang'aa, akalilaza mlangoni mwa karakana, akalimwagia ndoo ya maji kana kwamba mvua imepita. Msimamizi alikuja na viatu vyake vya ngozi, akakaa chini bila kukaribishwa. Baba Onema alimwinua kwa heshima na kumuuliza: “Bwana, imebaki kumi. Tuendelee?” Ngazi zikawa za uso wa ndui, na hadi leo hakuna aliyeteleza pale. Ripoti ya mwezi ule ilisema msimamizi ndiye aliyegundua hatari hiyo. Sawa.

Hakuishia kumaliza mawe; aliyafuata hata yalikokwenda. Katika kanisa dogo la misheni, Mama Victorine, msafishaji, aliisugua meza ya marumaru kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua mabeseni ya shaba. Alikuja analia: “Baba Onema, ile jiwe iko na ukoma. Nikisugua, njo inazidi.” Hakumcheka. Alimweleza kwamba ndimu inakula marumaru, akaisugua meza upya kwa siku tisa mpaka ikarudi uso wa hariri. Tangu hapo kila anayechukua jiwe kwetu anapewa masharti yake: fagia kwanza, kwa sababu mchanga chini ya tambara ni msasa, maji mengi, sabuni kidogo, kausha; ndimu, siki na majivu ni marufuku; mafuta ya mawese usipake, hata kama jirani anasema yanang'arisha. Mama Pélagie anatuambia kwamba nyumbani kwake, kwenye meza ya jiwe, wageni hula wali wao wakichungwa na mumewe kijiko kwa kijiko.

Sasa turudi kwenye ukuta. Wafanyakazi tuko ishirini na wawili; wanaosoma Kifaransa ni tisa. Kwa hiyo tulimwomba injinia afanye jaribio kabla ya kubomoa. Mnamo Novemba watu kumi walipewa jiwe moja moja: watano kwa karatasi ya Kifaransa, watano kwa neno la ukutani. Upande wa karatasi, mawe matatu yaliharibika. Upande wa ukuta, hakuna hata moja. Sumaili, mwanafunzi wa Baba Onema kwa miaka minane, alimaliza la kwake kabla ya wote, akawaambia wa upande wa pili: “Musome polepole, bandugu, jiwe haina haraka.” Injinia alizunguka mawe yale mara mbili. Kisha akaweka kiganja chake ukutani, kipande kimoja baada ya kingine, vyote sita, akamwomba Baba Onema amtamkie majina.

Mlango utapanuliwa upande wa pili. Kuanzia tarehe 2 Januari karatasi za kazi zitakuwa na safu mbili, Kifaransa na maneno ya ukutani, na meza ya kumalizia mawe itakuwa ya Sumaili, kwa cheo cha fundi tangu siku ya kwanza. Jina la aliyeyatunga maneno hayo halikuchapishwa kwenye karatasi. Tuliomba mara mbili. Basi Jumamosi iliyopita Sumaili alichukua patasi na kulichonga chini ya vipande vile, kwa herufi za vidole viwili, na injinia alipita akalisoma, akaliacha.

Baba Onema, wafanyakazi wote ishirini na mmoja unaowaacha wanakushukuru. Nenda salama wewe na Mama Pélagie, mkaishi kwa afya na raha, na siku ukipita karakana, njoo ukague.

Isidore Tambwe, mtunza daftari la mawe