Pumzi ya Packie

Baba Paroko, wafiwa, majirani, na nyote mlioacha nyasi mlizokata zimelala mashambani na mvua inanukia ili mje kumsindikiza Attracta, familia imenipa mimi Dónal, mkwe wake, kazi ya kuwasomea maisha yake, nanyi mnivumilie.

Marehemu Attracta Beirne, kwa baba yake Gilrane, alizaliwa tarehe 3 Februari 1949 hapa kijijini Cloonagh, Kaunti ya Leitrim, mtoto wa kwanza wa marehemu Packie na Delia Gilrane, akifuatiwa na ndugu yake wa pekee, Malachy, ambaye tunaye leo kwenye benchi la mbele.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1962, kisha kwa masista mjini Carrick hadi 1966, ila shule yake hasa ilikuwa jikoni kwao, kando ya moto, ambako Packie aliwafundisha wanawe wote wawili filimbi ya mti kwa kusikiliza tu, bila karatasi. Packie, kama wazee mnavyokumbuka, alikatwa kidole cha pete cha mkono wa kulia na mashine ya kukatia nyasi, na bila kidole hicho tundu la mwisho la filimbi halizibiki wala noti ya chini kabisa haitoki, basi kila alipoifikia noti hiyo katika kile tunachokiita hapa kwetu Kibao cha Packie, alinyamaza kidogo, akavuta pumzi, akaendelea. Attracta alikuwa na vidole vyake vyote, lakini alikipiga na pumzi ile ile, na jaji wa mashindano ya mwaka 1964 alipomwambia ameruka noti, alimjibu, "Sijaruka, bwana, hapo ndipo baba anapumua," akarudi nyumbani bila zawadi, akicheka njia nzima.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika duka la vitambaa mjini Carrick, akastaafu mwaka 2009, na Jumanne jioni alifundisha watoto filimbi katika ukumbi wa parokia, na wengi wenu mliomo humu aliwahi kuwauliza, "Mwanangu, unapiga filimbi au unapooza chai?" Alifunga ndoa na marehemu Fintan Beirne tarehe 12 Juni 1972, wakajaliwa mtoto mmoja, Nuala, mke wangu.

Malachy alikwenda London kwenye kazi za ujenzi mwaka 1971. Packie alifariki Novemba 1984, na mwaka uliofuata Malachy alirekodi sahani ya santuri, akakipiga humo kibao cha baba na ile noti akaitia mahali pake, akiamini anamheshimu. Attracta alikisikia redioni akiwa anakanda mkate, akaizima, unga ungali mkononi, na Malachy alipopiga simu, "Dada, lile lilikuwa pengo la kidole tu, mimi nimeliziba," alimjibu, "Ulichoziba ni pumzi ya baba," akakata simu. Tangu hapo hawakusemezana, na hili si siri, kijiji kizima kinalijua, na marehemu mwenyewe aliomba lisifichwe.

Mwaka 2022 madaktari waligundua mapafu yake yanakakamaa, akaingia katika maisha ya mashine ya oksijeni, na filimbi ikabaki juu ya kabati akiitazama tu. Mwezi huu alimwambia Nuala, "Mpigie mjomba wako aje na filimbi, mimi sina tena pumzi ya kumtunzia baba ya kwake." Malachy alilia kwenye simu, "Nakuja, mwambie dada anisubiri." Ukungu ukaizuia ndege yake, na Attracta kila aliposikia gari aliuliza, "Ni yeye?" nasi tukajibu bado. Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27 Juni 2024, na Malachy aliingia uani saa ya ukutani imeshasimamishwa kwa desturi yetu ya msiba na vikombe vya kesha vinapangwa. Akasimama kando ya jeneza, filimbi ndani ya mkoba, akasema, "Dada, nimekuja." Nyumba nzima ililia.

Familia inawashukuru daktari wetu, wauguzi waliokuja nyumbani hata siku zisizo zao, wenzake wa dukani, wanafunzi wake, Bi. Concepta wa jirani aliyeshika jiko letu tangu Alhamisi, na vijana waliochimba kaburi kwa mikono yao.

Tukifika makaburini Malachy atapiga Kibao cha Packie. Mtakaposikia amenyamaza katikati, msidhani amesahau au machozi yamemshinda, tulieni naye mpaka aendelee, kwa sababu hapo ndipo baba anapumua. Umeitunza pumzi hiyo peke yako vya kutosha, Mama, mdogo wako ameipokea, wewe sasa pumzika, pumzika kwa amani.