Kioo cha Taa Kilichotolewa Matangani

Wanakikundi wenzangu wa kufarijiana hapa Kibondo, nawasalimu kila mmoja kwa salamu ya imani yake. Nimetoka Kasulu kuja kueleza jinsi nilivyoangushwa na jinsi nilivyoinuka. Sitamtaja mtu kwa jina. Anayemtambua amhifadhi moyoni.

Mimi ni mpiga picha. Kwa miaka mingi niliishi kwa picha za pasipoti na za harusi, mpaka simu zikaingia mikononi mwa kila mtu na studio ikapoa. Katika ukimya ule nikaanza kupiga picha vioo vya kale kwa lenzi ya kukuzia: kitako cha chupa, ukingo wa bilauri, kioo cha taa ya chemli. Ndugu zangu, nawaambia, kioo kilichozeeka kina nchi ndani yake. Mkwaruzo huwa bonde. Kiputo cha hewa huwa ziwa. Watu walisimama mbele ya picha zangu ukutani wakibishana.

"Ni mwezi huo."

"Mwezi gani? Jicho la samaki hilo!"

Nikiwaambia ni kitako cha chupa, wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Nilikuwa na mwenzangu pale studio, mwanamke tuliyekula sahani moja. Yeye ndiye aliyezijua nyumba za watu, akaniazimia vioo. Siku moja akaleta kioo cha chemli kutoka Titye, kwa bibi mmoja aliyefiwa na mumewe. Nikashtuka. Nanyi mnajua kwetu: kitu cha marehemu hakivuki kizingiti kabla matanga hayajaondolewa.

"Umeomba?" nikamuuliza.

"Dada, wameridhia. Piga picha, nikirudishe leo leo."

Nikamwamini. Nikapiga picha, naye akakirudisha. Alipoziona duara ndogo katika picha ya kioo kile akaniuliza ni nini, nikamweleza kwamba ni hewa iliyonaswa kiwandani, kioo kilipokuwa bado uji wa moto.

Maneno hayo aliyageuza. Jamaa wa marehemu alipoiona picha na kuuliza kuhusu duara zile, mwenzangu alimjibu, "Mwenyewe anasema ni pumzi iliyobaki." Mnasikia? Hakusema iliyobaki ya nani. Aliacha mfiwa amalizie mwenyewe. Kabla ya Jumapili mji mzima ulijua kwamba nimefungia pumzi ya marehemu ndani ya picha.

Kisha ukatokea msiba mtaani kwetu. Nikajifunga kanga, nikaenda jikoni kwa wanawake wenzangu kama ada inavyotaka. Nilipoinua sufuria, mmoja akaipokonya mikononi mwangu.

"Yewe, wewe, weka hapo. Chakula cha wafiwa hakipikwi na mwindaji wa wafu."

Mwenzangu alikuwa hatua chache kutoka kwangu, akimenya ndizi. Aliijua kweli yote. Nikamtazama, akainamisha uso, akaendelea kumenya. Wengine walinitukana, na matusi yale nimeyasahau. Kile kisu kilichoendelea kumenya ndizi nakisikia mpaka leo. Mwanamke asiyeruhusiwa kupika msibani, ndugu zangu, amezikwa akiwa hai. Haikupita muda mwenzangu akafungua studio yake mtaa wa pili, na wateja wangu wakamfuata.

Nilikuwa nikifunga vifaa nihame, ndipo yule bibi wa Titye alipoingia mwenyewe, kioo kimefungwa ndani ya kitenge.

"Nionyeshe ulichomchukulia mume wangu."

Sikujitetea. Nikaweka kioo chini ya lenzi ya kukuzia, nikamwelekeza aweke jicho. Akatazama, kisha akaguna.

"Hii mistari… mbona ni mimi huyu? Nilikuwa nasugua masizi kwa majivu kila jioni. Yeye akinigombeza: utakitoboa, mama watoto!" Akacheka, machozi yakimshuka. "Hapa hakuna pumzi ya mtu. Kuna mkono wangu tu. Lakini mwanangu, mbona hukuniomba?"

"Niliambiwa umeridhia, bibi."

"Nani aliniuliza? Nilikikosa rafuni, jioni nikakikuta."

Sikuhama tena; na siku ya kuondoa matanga bibi alinishika mkono mbele ya ukoo wake, akanikabidhi mwiko. "Huyu ndiye atakayepika." Kisha akamgeukia mwenzangu, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa. "Nawe uliyeingia kwangu kama panya, ulinyamaza kwa nini?"

"Nilidhani yatapita tu, bibi."

"Yalipita juu ya mgongo wa nani?"



Namshukuru bibi yule aliyekuja kutazama kwa jicho lake kabla ya kuhukumu. Nawashukuru wanawake wa jikoni walioniomba radhi, nanyi mlionipokea. Fundisho langu ni hili: ruhusa ya kuingia katika msiba wa mtu iombe kwa kinywa chako mwenyewe. Na ukiijua kweli inayoweza kumwokoa jirani, ukanyamaza, usijiite mpole; umeshiriki kumpiga.

Mwenzangu alikuja juzi kuomba msamaha. Nimempa, kwa moyo wote. Ufunguo wa studio yangu, aliokuwa akiushika zamani, sikumrudishia.