Vyumba Viwili Vitupu

Basi lilipotoka Kiboko, mzee wa kofia alisema wanaolala kwenye veranda za maduka Makindu ni wavivu. "Kila mtu ana shamba kwao."

Kathini, aliyekaa nyuma yake, aliona wazi kwamba huyu hajui jinsi wajane wanavyofukuzwa shambani.

"Kwetu ndugu zangu wamepanda ndengu mpaka mlangoni," alijibu mwanamke aliyeketi kando ya mzee, godoro limekunjwa miguuni. "Mume alipokufa, shemeji walinifukuza. Mimi na watoto wawili niliowaacha kwa jirani turudi kwetu kupi, mzee?"

Mzee akacheka. "Mama, una mdomo! Wapangaji wangu hawaongei hivyo."

"Kumbe una ploti?"

"Vyumba sita. Viwili havina watu."

"Nipe kimoja. Kazi ya kufua ninayo."

"Mimi huandikisha mwanamume. Mwanamke peke yake huleta maneno."

"Na hivyo viwili vitupu vimekuletea nini? Panya?"

Kathini alikohoa ili asicheke. Basi liliposimama Makindu, mzee alishuka upesi bila kuaga.

Mwanamke alijitwika godoro, akamfuata. Kathini alichungulia dirishani: mzee alikuwa akiongeza mwendo, na mwanamke pia.